Sauti ya Nkambo Iko Juu

Lubumbashi, 17 mwezi wa tatu 2025

Yaya Mounira,

Kama kule Kilwa unasikia mawingu yananguruma, usitoe ndoo ya kukinga maji. Haiko mvua. Ni mi, mudogo wako Shafi, niko napita huko juu na université muzima ku mabega. Tangu Mungu aliumba Katanga, hakuna muntu alishapandisha bureau za baprofesa ku mawingu akarudia nyumbani kula bukari. Mi nilipandisha. Na bukari nilikula, nikaongeza.

Ile kazi uliniombea kwa Madame Virginie, chef wa service informatique, imeisha. Ulimuambia mudogo wako alikimbia masomo, lakini ana mikono. Sasa kamuambie ana mabawa. Acha nikuelezee, ju we ni muntu wa vitabu na vitabu havijui hivi. Inaitwa sauvegarde. Unatia programu ndani ya machine, programu inachukua kila kitu chako, mafaili, picha, sauti, inatuma kopi mbali kwa njia ya internet, ku mawingu. Hata machine ikiibiwa, hata ikilala mu maji, unabonyeza tu na bintu byote binarudia kama hakuna kitu kilifanyika.

Kila machine nikimaliza, nabandika juu yake kibandiko cha kijani. Bibandiko nilibitengeneza mi mwenyewe, nikaandika na herufi kubwa: IKO JUU. Profesa mumoja aliniuliza juu ni wapi. Nikamuonyesha dari. Akatingisha kichwa polepole, kama muntu ameelewa. Ni docteur, yaya. Nilitoka inje nikacheka mpaka nikakaa chini.

Tena nilitia akili ya mutoto wa Maniema. Internet yetu ni nyembamba kama uzi wa kushonea, sauvegarde ikienda siku za kazi, bureau zote zinakosa connexion na baprofesa wanaanza kulia. Basi nikapanga yote iende siku ya Jumapili, wakati bote beko mu kanisa na uzi uko peke yake. Madame Virginie akasema ni wazo zuri. Nilimuambia najua.

Adui yangu ni mumoja tu, Papa Edmond, sentinelle, mulinzi wa bâtiment ya bureau zenu. Huyu muzee ananifuata nyuma, kila fil ya umeme naingiza ku ukuta yeye anachomoa. Anasema courant ya huku inaondoka kama muntu na inarudia kama simba. Nilimuuliza kama alisoma hiyo ku université gani. Akachomoa fil ingine.

Machine yako niliianza ya kwanza, ju ni yako. Iko na kibandiko kizuri kupita zote. Ile dictaphone yako uliniambia imejaa, futa. Futa yote, yaya, usiogope. Sauti zako zote ziko juu kwangu.

Ni mi, mwenye mawingu,
Shafi

---

Kilwa, 26 mwezi wa tatu 2025

Mudogo wangu Shafi,

Barua yako imenifikia na harufu ya samaki, maana imeletwa na Fils, dereva wa Fuso inayochukua samaki hapa kupeleka Lubumbashi. Antena ya simu imeanguka na hakuna anayejua itasimamishwa lini. Ukitaka kuniandikia tena, mtafute Fils pale wanaposhushia samaki. Akikupa barua yangu mpe pesa ya chai, ameniahidi hataifungua.

Nimecheka, sitakuficha. Nimesoma mbele ya mama mwenye nyumba yangu na yeye akauliza kama huyu mdogo wako ameoa, nikamwambia bado, hakuna nyumba yenye mlango mpana wa kupitisha kichwa chake.

Nimefanya ulivyosema. Nimefuta dictaphone. Nilikuwa na woga, kidole kilikaa juu ya kile kitufe muda mrefu, lakini nilikuwa sina nafasi hata ya dakika moja na watu wananingoja niwarekodi. Kwa hiyo sasa kila kitu nilichokusanya tangu mwaka juzi kiko sehemu mbili tu: ndani ya machine ya bureau, na huko juu kwako.

Ndiyo sababu naandika kwa uzito kidogo, na wewe usome kwa uzito kidogo. Nilikuambia kuhusu nkambo Mwelwa, yule mama mzee aliyeona samaki wanaoitwa mpumbu wakipanda mto wakiwa wengi, kabla hawajaisha. Tasnifu yangu nusu yake ni mdomo wake. Lakini kuna kitu sikukuambia. Siku ya mwisho kabla sijarudi Lubumbashi, mwezi wa kwanza, aliniambia niweke dictaphone juu ya mkeka, niiwashe, nitoke nje na nifunge mlango. Alitaka kusema peke yake ni nani atakayerithi jina lake. Hapa kwao, mtu akifa, jina lake halizikwi. Siku ya kumaliza kilio wanachagua mtu wa kulibeba, na huyo ndiye anayekaa mahali pake, watoto wanamwita mama, wazee wanamwita dada. Nkambo ana wajukuu wawili: Plamedie, aliyemwogesha na kumpikia miaka hii yote, na Madeleine, mkubwa, aliyeolewa Sakania. Anajua watagombana. Akanilisha kiapo kwamba sitasikiliza, na kwamba siku hiyo nitaileta sauti yake mbele ya wote. Nikaapa. Sijasikiliza.

Sasa ameshikwa na kifua na hali chakula.

Nakuomba, Shafi. Nenda bureau, fungua hayo mawingu yako, utazame kwa macho yako mwenyewe kwamba sauti ya nkambo iko huko. Usitazame kibandiko. Tazama sauti.

Na umwache Papa Edmond. Ni mzee mwema. Bado anashusha disjoncteur ya bâtiment kila Jumamosi mchana na kukata umeme wote mpaka Jumatatu? Zamani alikuwa anatufukuza bureau na kalamu zikiwa mkononi.

Dada yako,
Mounira

---

Lubumbashi, 5 mwezi wa ine 2025

Yaya Mounira,

Mwenye mawingu anakusalimia. Kuhusu mulango mpana, ambia huyo mama akuje apime kichwa yeye mwenyewe, na akuje na binti yake.

Nilienda, nilitazama. Iko. Sauti ya nkambo iko juu, inang'aa, imekaa muzuri kati ya mafaili yako mengine kama mama mukubwa mu harusi. Ulale usingizi.

Papa Edmond, ndiyo, anashusha bado. Jumamosi saa sita mchana, kha, bâtiment muzima giza mpaka Jumatatu. Hata siku moja hajaruka. Niliongea na yeye. Nilimuambia Papa, acha Jumapili moja tu courant ibakie. Alikataa. Nikamuambia dunia imeendelea. Akasema dunia iendelee, yeye anabakia na funguo. Lakini ni kakitu kadogo, hakana neno na sauvegarde yangu, usitie mu roho.

Nilikuwa na swali, ni swali ya masomo tu, ju sasa niko muntu wa masomo. Dictaphone ikifutwa, inafutika kabisa kabisa? Mafundi wa huku banasema wakati ingine sauti inabakia chini chini, kama haujatia sauti ingine juu yake. Kama ile dictaphone bado haujatia kitu, usitie. Iache kwanza. Tumia simu yako. Ni ya masomo tu, mi narudilia.

Jumapili hii nitapita ku bureau kidogo, kufanya usafi.

Nkambo anaendelea namna gani? Mumupe supu.

Shafi

---

Kilwa, 13 mwezi wa ine 2025

Shafi,

Nkambo Mwelwa amefariki. Tumemzika jana. Naandika nikiwa nimekaa chini kwenye kilio, wanawake wamesogea ili nipate mwanga.

Swali lako la dictaphone limenishangaza lakini sina muda wa kushangaa. Imejaa. Nimerekodi nyimbo zote za kilio tangu usiku wa kwanza, na kabla yake watu wengine wengi. Mwelwa wa dictaphone hayuko tena, kama ulivyoniambia nimfute.

Sikiliza sasa. Kabla hata kaburi halijafungwa maneno yalianza. Watu wa Madeleine wamefika kutoka Sakania, wanasema jina ni la mjukuu mkubwa, haijawahi kuwa namna nyingine. Watu wa Plamedie wanasema jina ni la yule aliyefuta kinyesi. Jana mjomba wa Madeleine alimsukuma Plamedie mbele ya watoto. Nikasimama. Sijui nguvu nilitoa wapi, mimi mgeni. Nikawaambia wasipigane, nkambo amesema mwenyewe, sauti yake ipo, iko Lubumbashi, mahali pa salama. Mzee wa ukoo aliniuliza mara tatu kama ni kweli, na mara tatu nikasema ni kweli.

Wamepanga kumaliza kilio tarehe tatu ya mwezi wa tano. Siku hiyo wanataka kumsikia. Kwa hiyo utatoa ile sauti huko juu, utaitia kwenye kadi ndogo ya simu, na utampa Fils. Usisikilize, kiapo changu ni chako pia. Faili ni la mwisho kabisa, nimeliandika jina MWELWA PEKE YAKE.

Nimewapa neno langu, Shafi, na neno langu limesimama juu ya neno lako.

Mounira

---

Lubumbashi, 22 mwezi wa ine 2025

Yaya,

Pole sana ya nkambo. Mama alilia huku, hata kama hakumujua.

Kuko habari mbaya kidogo, lakini usiruke. Jumapili ile, tarehe sita, mvua ilinyesha na courant ya mu quartier iliondoka ikarudia na nguvu mubaya. Mu bâtiment yenu machine tatu ziliungua. Yako ni moja. Niliipeleka kwa fundi wa soko, mu marché, akaifungua, akanusa, akaifunga. Anasema disque imekufa.

Banasema disjoncteur ilikutwa juu, haikushushwa. Banasema Papa Edmond alisahau, amezeeka. Madame Virginie amemusimamisha, anakaa nyumbani anangoja bamuite. Alikuja kuchukua koti yake na redio yake, akatusalimia wote na mukono, mi pia. Sikusema kitu.

Lakini we usiogope, si ndiyo kazi ya mawingu? Machine imekufa, sauti iko juu. Inashuka. Inashuka polepole, ju ya connexion, lakini imeshuka yote. Kadi nimeitia ndani ya barua hii, nimeifunga mu plastiki, halafu mu karatasi, halafu mu plastiki ingine. Nilikuambia iko, basi iko.

Kitu kimoja tu. Barabara ya Kilwa naijua, maji, matope, Fuso inaruka, na hizi kadi ni bintu bidogo, zinaharibikaka. Kama ikifika na inakataa kusema, ujue ni barabara.

Usiijaribu mbele. Ungoja siku yenyewe.

Shafi

---

Kilwa, 4 mwezi wa tano 2025

Shafi,

Nitakuelezea jana ilivyokuwa, ili uwe pale.

Walipika tangu alfajiri. Waliazima spika kubwa kutoka kanisani, ile ya kwaya, wakaiweka juu ya kiti cha nkambo mwenyewe, na juu ya spika wakatandika kitambaa chake. Plamedie alikaa upande huu, Madeleine upande ule, wote wameoga na kunyoa nywele, hakuna aliyekuwa anamtazama mwenzake. Watoto waliambiwa wakae mbele ili wakumbuke. Nilitia kadi kwenye simu, simu nikaiunga na spika.

Kukawa kimya.

Nikabonyeza tena. Kimya. Ndipo mzee mmoja kipofu, kaka yake nkambo, akainua mkono akasema, "Mungojeni. Alikuwa na kifua. Anavuta pumzi kwanza."

Na tukangoja. Watu wote wale, Shafi, hata watoto, wameinamia spika, wanangoja avute pumzi. Mimi niliona kwenye simu kwamba ndani ya kadi hamna kitu, na bado nikangoja pamoja nao, kwa sababu nilishindwa kuwa wa kwanza kuinua kichwa.

Nilijaribu kwenye simu tatu. Kadi haikuharibika. Inafunguka vizuri, ina nafasi yote, ni safi kama siku ilipotoka dukani. Barabara haifanyi hivyo.

Sasa mjomba wa Madeleine anasema upande wa Plamedie umenilipa nifute. Watu wa Plamedie wanasema nimeiuza sauti Zambia. Plamedie mwenyewe amejifungia. Mzee wa ukoo amenichukulia begi langu na dictaphone na kuniambia, kwa heshima, kwamba sitapanda gari mpaka nkambo aseme. Na hakuna mlango hapa Kilwa utakaofunguliwa tena kwa kazi yangu. Hilo nalielewa, hata mimi nisingejifungulia.

Usiku nimefikiri ni nani wa kulaumu. Mtu niliyempata ni Papa Edmond. Miaka yote ile anatufukuza bureau Jumamosi, na Jumapili moja tu, ile moja, anasahau. Kama angeshusha, machine yangu ingekuwa nzima na nisingekuwa nategemea kadi. Nimeandika barua ya pili, iko humu, kwa Madame Virginie. Nimemwandikia kwamba mzee yule asirudishwe kazini hata siku moja, na kwamba kilichoungua hakilipiki. Mpelekee mkononi. Ananiheshimu, atanisikiliza.

Na wewe, nina swali moja. Sitaki maelezo ya connexion. Iko juu, au haiko?

Mounira

---

Lubumbashi, 11 mwezi wa tano 2025

Yaya,

Haiko.

Haijawahi kuwa juu, hata siku moja. Si yako, si ya profesa yeyote. Nilipanga sauvegarde iende Jumapili, na Jumapili bâtiment haina courant, Papa Edmond ameshusha tangu Jumamosi. Machine zilikuwa zinalala na bibandiko byangu ku kichwa. Sikujua. Ni we uliniuliza mu barua yako kama bado anashusha, nikasoma ile sentensi mu taxi nikashuka hapo hapo. Nilienda, nikafungua, nikaona imeandikwa hakuna kopi yoyote. Halafu nikarudia nyumbani nikakuandikia kwamba inang'aa.

Kadi nilikutumia hamna kitu ndani. Niliinunua asubuhi ile. Nilifikiri itakaa mu matope, mutalaumu barabara, na mi nitapata wakati wa kutafuta fundi wa disque. Fundi wa kwanza alikataa. Wa pili alikataa. Kuko mumoja hapa karibu na gare ya treni, anaitwa Zakari, alikaa nayo wiki moja, halafu alinirudishia mu sachet kama nyama, akasema nisimusumbue tena. Jana nilimusumbua tena.

Sikufikiria spika ya kwaya. Sikufikiria batoto mbele. Yule muzee kipofu namuona nikifunga macho.

Barua yako kwa Madame Virginie sikumupelekea. Nakurudishia, iko humu, usimuandikie vile Papa Edmond. Yeye alishusha. Tarehe tano, Jumamosi, saa sita, kama kila siku, na akafunga kile kisanduku na kufuli. Funguo ya pili iko mu service, kwetu. Siku ya kazi connexion ingekatika na bote bangejua, basi Jumapili niliichukua. Nilimungoja aende mu kanisa na Biblia yake, nikafungua, nikapandisha. Nilitaka machine yako iwake, sauvegarde iende kwa kweli mara moja, na kile nilikuandikia kigeuke kweli kabla haujajua kilikuwa uongo. Mvua ikaanza. Courant ikaondoka kama muntu. Ikarudia vile alisemaka.

Jana nilienda kwake, mu commune ya Kenya hapa Lubumbashi, nyuma ya marché. Nilimukuta anatengeneza redio. Nilimuambia yote nikiwa nimesimama mu mulango. Hakunifukuza, hakunipiga, nilitaka anipige. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama siku ile mikono yangu ilikuwa mikavu wakati nagusa disjoncteur. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ushukuru Mungu," na akarudilia redio yake.

Kesho asubuhi naenda kwa Madame Virginie. Nitabandua bibandiko byote mi mwenyewe, bureau kwa bureau, na nitaambia kila profesa ju ya nini. Yule wa dari pia. Halafu Fils anasema kuko nafasi ku Fuso siku ya Alhamisi. Nakuja Kilwa. Nitasimama mbele ya ule ukoo niseme ni mi, haiko we. Bachukue begi yangu, bakurudishie yako. Baseme bananifanya nini, nitakaa.

Lakini kuko kitu sikumuambia hata Papa Edmond, na sitaki uisikie kwangu mbele ya bantu. Nakuandikia hapa.

Courant haikuua sauti. Siku ile, mbele ya mvua, machine yako iliwaka muzuri, na kila kitu kilikuwa ndani. Sauvegarde ilianza kupanda, polepole, polepole sana. Nilikuwa peke yangu mu bureau yako, nimekaa ku kiti chako. Mu mufuko nilikuwa na flash, ile yangu ya nyimbo. Nafasi ilikuwa. Ingechukua muda wa kunywa maji. Niliitoa hata, niliishika mu mukono. Lakini kama natia sauti mu flash, ni kusema mawingu yangu haiko kitu, na nilikuwa nimeshaandika IKO JUU ku machine yote ya bâtiment. Nikairudisha mu mufuko.

Halafu, ju ya kungoja kunachosha, nilifungua lile faili la mwisho. Kiapo chako nilikijua, lakini sikujua bado ni changu pia, barua yako ya kilio haikuwa imefika. Nilimusikia, yaya. Alikohoa. Aliuliza kama machine inasikia, akajijibu mwenyewe kwamba inasikia. Alisogeza mukeka. Alisema mutoto wa Lubumbashi eko inje mu jua, ni muzuri lakini hajui kula mifupa. Nilicheka. Alivuta pumzi. Halafu akasema, "Sasa jina langu, mwenye nalimuachia ni—"

Nikaifunga. Nilifikiri nikiifunga, machine itafanya haraka.

Shafi